Uso wa Kurwa Kwanza

Stamili wa Mkunya alikuwa na kucha fupi kuliko mwanamke yeyote pale kijijini. Kila asubuhi ya kazi alizisugua kwa jiwe mpaka zikalingana na nyama ya kidole, kisha akanawa kwa maji kidogo sana, maana Mkunya maji hayamwagwi ovyo. Yanafuatwa chini ya mteremko, na anayeondoka alfajiri na mtungi wake anarudi jua likiwa utosini. Mikono ikishakauka ndipo alipofungua kifuko chake cha ngozi, akatoa vyuma viwili vidogo vyenye makali upande mmoja, akamwambia aliyelala mbele yake: "Haya. Usiume meno. Ukiuma meno shavu linakaza."

Kazi yake ilikuwa kuchanja nembo, ile mistari inayopita mashavuni na kwenye paji la uso, ambayo Mmakonde akiiona, hata kama wamekutana ng'ambo ya Ruvuma, anajua huyu ni wa kwetu na pengine anajua hata ni wa ukoo gani. Aliwachanja wanawake tu. Alifundishwa na mama yake mdogo, mwanamke mkali, ambaye kwa miaka miwili hakumruhusu kugusa ngozi ya mtu. Alimpa mihogo. Stamili alichanja mihogo mpaka akawa anaota mistari, na jioni mihogo ile ilichemshwa ikaliwa. Dadi, aliyekuwa akimchumbia wakati huo na baadaye akawa mumewe, alikuwa akijisifu kwamba hakuna mtu aliye hai aliyekula nembo nyingi kama yeye.

Mama mdogo alimwachia vyuma vile na masharti yake. Uso huchanjwa mara tatu. Mara ya kwanza unapitisha mistari na kuisugua masizi ya mbegu za mbarika zilizochomwa na kusagwa. Jeraha likifunga, unafuata mistari ile ile tena, na likifunga, tena. Mara moja haitoshi, nembo hutoka kama jivu. Mara mbili hutoka kama moshi. Ni mara ya tatu tu rangi inapokaa na kuiva. Katikati ya hapo anayechanjwa anakaa nyumbani kwa mchanjaji, hali chumvi wala hatoki juani. Mchanjaji naye hateremki bondeni hata kufuata maji. Na kubwa kuliko yote, aliyeanza uso ndiye anayeumaliza. "Si jamvi hili," mama mdogo alikuwa akisema, "useme umechoka, mwenzako ashike ukindu."

Stamili aliyashika hayo, si kwa woga wa mizimu peke yake. Aliwahi kuona uso ulioanzwa na mkono mmoja na kumalizwa na mwingine. Ulikuwa wa mwanamke wa Mnyambe, mzuri wa umbo, na kila aliyemtazama alikuwa akigeuza kichwa kidogo, kama mtu anayetazama kitu kilichoning'inizwa upande.

Mwaka ninaouzungumzia ndio ule ambao baadaye watu waliuita mwaka wa Maji Maji. Ulipoanza ulikuwa mwaka kama mingine. Mvua zilikuwa za kutosha, mtama ulivunwa, na kodi ya Wajerumani ilikuwa ile ile ya kuwafanya wanaume waingie vichakani kugema utomvu wa mpira wauze. Mwishoni mwa masika akatokea Mkunya mwanamke mmoja aliyevaa kaniki kuukuu, peke yake, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, uso wake laini kama wa mtoto mchanga. Alikuwa akiuliza habari za kisima kimoja na jina la mwanamke mmoja.

Huyo ndiye Kurwa. Alipokuwa na miaka sita au saba, watu wenye bunduki walimchukua kisimani pamoja na watoto wengine, wakamshusha mpaka Lindi, akauzwa. Huko walimpa jina la Faida. Alifua, alitwanga, alilea watoto wa watu, mpaka bwana wake akafa na warithi wakagombana, naye akapata bomani karatasi ya uhuru. Karatasi ile aliifunga kwenye pindo la kaniki akaanza kutembea. Hakukumbuka njia. Alikumbuka jina la mama yake, jina la kisima, na kwamba alikuwa na pacha wake, Doto, aliyekufa kabla hawajaota meno.

Mama yake alikuwa hai, lakini macho yalikuwa yameziba ukungu. Alimwita mgeni karibu, akampapasa mashavu, akampapasa paji la uso, akarudia, kisha akaondoa mikono yake akaiweka mapajani.

"Anasema vizuri," aliwaambia waliokuwepo. "Na kisima amekitaja. Lakini uso huu ni wa watu wengine."

Baada ya wiki mbili mjomba wake Kurwa alikwenda kwa Stamili na kuku wawili, akaomba mpwa wake achanjwe. Stamili hakukubali papo hapo. Ngozi ya mtu mzima ni ngumu, inavimba, inauma kuliko ya msichana. Akamwita Kurwa wakae wawili nyuma ya nyumba.

"Unataka mwenyewe, au mjomba ndiye anayetaka?"

Kurwa alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, kama aliyezoea kuulizwa maswali yenye fimbo nyuma yake. "Shikamoo yangu wanaipokea, mama," alisema. "Chakula wananipa. Lakini nikipita njiani, watu wa kwetu wananisalimia kwa Kiswahili."

Stamili akakubali.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzo wa kiangazi, mara ya pili mwezi uliofuata. Kurwa hakulia. Alivimba mpaka macho yakawa mistari miwili, akakaa kwenye chumba cha nyuma akinywa uji usio na chumvi. Somoe, binti yake Stamili, alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka pale, na ndiye aliyewaletea maji wote wawili.

Siku ya nane baada ya ile mara ya pili, hodi ikasikika uwanjani.

"Wenyewe mpo? Au mmehamia kisimani?"

Stamili aliitambua sauti ile kabla hajainua kichwa. Alitoka mbio, unga mikononi. "Mama Halfani! Karibu, karibu! Mbona bila habari?"

Mwanakombo alikuwa Myao wa Masasi, mke wa Shamte, mfanyabiashara wa nta na mpira. Kila kiangazi alipanda Umakondeni mara moja au mbili, mwendo wa siku tatu, na chumvi na vitambaa, akarudi na nta. Lakini urafiki wao haukuzaliwa na chumvi. Ulizaliwa mwaka wa nzige, Stamili alipoteremka Masasi na Somoe, mtoto wa miaka sita, kutafuta nafaka, akaanguka kwa homa kwenye ukumbi wa nyumba asiyoijua. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa rika lake. Alimwingiza ndani, akamuuguza, akamkalisha miezi miwili akila mtama uliokuwa haba hata kwa wenyewe. Walipokuwa wakitwanga pamoja siku zile ndipo Mwanakombo alipoanza kumsimulia habari za Lindi, alikoolewa dada yake, na ndipo walipoahidiana kwenda pamoja siku moja. Ilikuwa miaka kumi sasa.

Mwanakombo alitua mzigo, akakaa kwenye jamvi, akanyoosha miguu yenye vumbi. Hakutaka hata maji kwanza.

"Safari hii sikuja na chumvi tu," alisema. "Nimekuja kukuchukua."

"Kunipeleka wapi?"

"Anauliza wapi! Lindi! Shamte anaondoka na wapagazi ishirini, nta na mpira, mwezi ukiwa mchanga. Wanawake tunakwenda watano. Dada ana chumba kizima hakina mtu, ameagiza nije na yule Mmakonde ninayemsema kila siku. Tutakaa wiki mbili. Utaiona meli ya moshi. Utakula samaki mpaka useme basi. Nimeshakutafutia hata viatu vya ngozi vya njiani, hivi hapa." Akavitoa. Vilikuwa vya mwanawe Halfani, vimepunguzwa kisigino.

Stamili alivishika vile viatu. Alivigeuza, akaona mahali ngozi iliposhonwa upya kwa uangalifu, na moyo wake ukaenda. Ulikwenda kweli, kwa kitambo kidogo alikwisha kuwa njiani, mzigo kichwani, nyuma ya Mwanakombo. Kisha akaviweka chini taratibu.

"Kula kwanza," alisema.

Alileta ugali wa muhogo na kisamvu. Mwanakombo alikula akiendelea kusimulia, lakini polepole maneno yakapungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyapokea.

"Mbona umenyamaza, Mama Somoe?"

"Nina uso ndani ya nyumba."

"Uso wa nani?"

Stamili akamweleza habari za Kurwa, kwa ufupi, bila kupamba. "Imebaki mara moja. Siku kumi na mbili, labda kumi na tatu, jeraha lifunge. Nikishamaliza, na yeye akishapona, niko huru."

"Siku kumi na mbili, Shamte atakuwa ameshafika Lindi. Msafara haumngoji mtu. Mimi mwenyewe mkewe haningoji."

"Najua."

"Basi mpe yule bibi mchanjaji wa Mnyambe amalizie. Si wewe mwenyewe husema ana mkono?"

"Anao. Lakini ni wake."

"Stamili." Mwanakombo alimwita kwa jina lake, jambo alilofanya mara chache. "Mwaka juzi kulikuwa na mabinti wanne wa unyago. Mwaka jana kulikuwa na mke wa jumbe. Mwaka huu ni huyu. Uso hautaisha Umakondeni. Wanazaliwa nao kila siku."

"Ndiyo."

"Sasa utakwenda lini?"

Stamili alimsogezea kisamvu. Alisema tu, "Ingekuwa ni wewe umelala humo ndani umevimba, ungependa nikuache nikaangalie meli?"

"Mimi siwezi kulala humo. Sisi Wayao nyuso zetu ziliumbwa zikaisha."

Ulikuwa utani, na siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mabega. Stamili alitabasamu. Mwanakombo hakutabasamu, alikuwa akitazama viatu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, lile neno ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka kumi.

"Mwaka ule uliponiangukia ukumbini na mtoto wako, mimi sikukwambia nina kazi."

Mwanakombo mwenyewe alionekana kushtuka, akaanza kukusanya tonge lililobaki ambalo hakutaka kulila. Neno lilikuwa la kweli, na ndiyo maana halikuwa na pa kuwekwa.

Mkeka wa mlango wa chumba cha nyuma ukasogea, Kurwa akatoka. Alikuwa amejifunika kaniki kichwani, uso umejaa magamba meusi na bado umevimba. Alimwamkia mgeni kwa Kiswahili cha pwani, safi, kisha akamgeukia Stamili.

"Nenda, mama. Nimesikia. Mimi nitangoja. Kungoja nimezoea."

Stamili aliinuka, akamshika bega. "Na ndiyo sababu siendi," alisema. "Rudi ndani, jua hilo linakuharibu."

Mwanakombo alilala pale usiku ule, akaondoka asubuhi. Hawakugombana. Waliulizana habari za watoto, wakasifu mihogo. Kwa masharti ya kazi yake Stamili hakuweza kumsindikiza kushuka ukingoni, njia inapoteremkia bondeni, aliishia kwenye shamba la mwisho. Alirudia maneno aliyoyasema jana yake, kwamba anasikitika, kwamba mwaka ujao. Mwanakombo akasema, "Haya, Mama Somoe, kazi njema," akaenda zake kwa hatua ndefu, wala hakugeuka. Viatu alivichukua.

Siku zilizofuata Stamili hakuwa mtu wa kukaa naye. Alimkemea Dadi kwa kuacha jembe uani, akamkemea na kuku. Dadi, aliyekuwa mpole, alingoja siku tatu, kisha akasema, "Ukitaka kulia, lia. Jembe halijakukosea."

"Nimekosea mimi?"

"Sijui," alisema Dadi. "Ungekwenda, ungekuwa huko unamkemea Shamte."

Mchana, jua likipungua, alikaa na Kurwa chumbani akimpaka mafuta ya mbarika kwenye magamba ili yasipasuke. Siku moja alimwuliza: "Bahari ikoje?"

Kurwa alifikiri kama kawaida yake. "Ina kelele."

"Na nini tena?"

"Sijui, mama. Miaka yote ile nilikuwa nafua nguo kisimani. Bahari nilikuwa naipa mgongo."

Stamili aliendelea kupaka mafuta. Baada ya hapo hakumwuliza tena habari za Lindi. Badala yake alimfundisha majina ya mistari kwa Kimakonde, mmoja mmoja, akiugusa na kuutaja, na Kurwa akarudia. Ulimi wake ulikuwa umesahau baadhi ya sauti, wakacheka mara kadhaa, Kurwa akishika mashavu ili yasivutike.

Mara ya tatu ilifanyika asubuhi tulivu, bila upepo. Stamili alikata pole pole kuliko siku zote. Ngozi haikupigana naye tena. Masizi yaliingia yakakaa, na alipofuta damu ya mwisho aliona kwamba ni kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alimwambia tu Kurwa asilale kifudifudi.

Wiki hiyo hiyo wakaja Mkunya watu wawili wageni, na vibuyu na mabua ya mtama, wakikataza watu kulipa kodi. Walikuwa na dawa ya maji, walisema. Anayenyunyiziwa, risasi za Mjerumani zitamdondokea kama matone ya mvua. Kaskazini huko watu walikuwa wamekwisha kung'oa pamba ya serikali. Wazee wa Mkunya waliwasikiliza kwa adabu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwisho mzee mmoja akawaambia, "Baba zangu, sisi maji ya kunywa tunayafuata nusu siku. Ya kunyunyizana tutayatoa wapi?" Wageni hawakucheka. Waliendelea na safari, na baadhi ya vijana waliwafuata, ingawa si wengi.

Halafu moshi ukaonekana. Dadi alikuwa ukingoni akitafuta mpira, akaona nguzo za moshi chini kule, upande wa Masasi, si moshi wa kuchoma mashamba. Alirudi akihema. Jioni ile kijiji kizima kilibeba vyungu na mbegu kikaingia vichakani, kwenye ile miti ya kusongamana ambayo babu zao walijificha enzi za Wangoni. Hawakujua wanamkimbia nani hasa. Kila mwenye silaha alikuwa wa kuogopwa, wa dawa na wa serikali.

Walikaa huko siku nyingi. Ni huko magamba ya Kurwa yalikoanguka. Asubuhi moja Stamili alimwosha kwa umande uliokusanywa kwenye majani, akamtazama, akamshika mkono akampeleka chini ya kichaka alikokuwa amekaa mama yake na kipande cha muhogo.

"Bibi, nimekuletea mtu."

Bibi alinyoosha mikono. Vidole vilianza kidevuni, vikapanda. Vilifika kwenye mstari wa kwanza vikasimama. Kisha vikaufuata, kuvunjika kwake na kuinuka kwake, vikahamia wa pili, vikavuka pua, vikarudi. Alikwenda pole pole sana, midomo yake ikichezacheza kana kwamba anahesabu. Alipomaliza paji la uso alianza upya. Kisha akauvuta uso ule akauweka kwenye shingo yake, akasema neno moja tu la Kimakonde, lile la kumwita mtoto aliyechelewa kurudi kutoka michezoni. Kurwa, ambaye hakulia chini ya chuma mara tatu, alilia siku ile kwa sauti, mpaka watu wakamwomba apunguze, wasisikiwe.

Stamili aliwaacha. Alikwenda kukaa peke yake, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa na mwiba ndani, maana alikuwa akiwaza moshi.

Habari zililetwa na mtu aitwaye Bartholomayo, Mkristo wa Masasi, aliyepanda na mkewe Lois na nguo walizovaa. Alikuwa jirani wa Shamte. Alisema nyumba ya Shamte imeungua, na yake, na nyingi nyinginezo. Misheni pia.

"Na wenyewe?" Stamili aliuliza. "Mkewe Shamte, Mwanakombo?"

"Walikuwa wameshaondoka. Siku kumi na mbili kabla. Kama walifika Lindi, walifika. Njia ya huko nayo imeharibika, mama, siwezi kukudanganya."

Stamili aliyaweka hayo kifuani miezi sita. Watu walirudi majumbani, mvua zikaja, na pamoja na mvua njaa, kwa sababu askari wa serikali walipita wakachukua walichokiona, na waliosalia walikuwa wamekula mbegu. Mkunya hawakuumia kama watu wa mabondeni. Mihogo iliyo ardhini haionekani upesi. Stamili alilima. Hakuna aliyeleta uso wa kuchanjwa mwaka ule. Mara nyingi akipalilia alijikuta akiongea na Mwanakombo kimoyomoyo, akijitetea, kisha akijibiwa, na hata katika mazungumzo yale aliyoyatunga mwenyewe hakuwahi kushinda.

Siku moja mvua zikianza kupungua, akiwa shambani, aliona watu wawili wakija kwenye kijia, mwanamme akichechemea kwa fimbo na mwanamke nyuma yake amebeba mzigo mdogo. Mwanamke alikuwa amekonda hata shingo imerefuka. Stamili alitupa jembe.

Hawakuitana hata majina. Walishikana tu katikati ya mihogo iliyolowa, na Shamte akasimama kando akitazama mawingu, kama mwanamme mwenye adabu afanyavyo.

Baadaye, wakiwa jikoni, Mwanakombo alisimulia. Walifika Lindi salama. Siku ya tatu habari za vita zikafika, na njia ikafungwa. Nta na mpira viliuzwa kwa bei ya kutupa ili wale. Kisha Shamte na Halfani wakakamatwa kubebea askari mizigo, bara huko, na Shamte akaangukiwa na sanduku mguuni. Wote wawili walirudi Lindi, na Halfani alibaki huko, akifanya kazi gatini.

"Nilikukasirikia njia nzima," Mwanakombo alisema. "Kila tulipopiga kambi nilimwonyesha Shamte mahali ambapo ungelala. Mpaka akanikataza. Halafu moshi wa Masasi tuliposikia habari zake, nikasema, Mungu wangu, angekuwa hapa na mimi angekuwa salama. Nikazidi kukasirika."

"Na mimi huku nilisema, laiti ningemzuia asiende, ameuawa njiani."

"Ungenizuia ningeungulia nyumbani kwangu."

"Sasa nani alikuwa na haki?"

Mwanakombo alikoroga sufuria. "Lile neno la nzige," alisema bila kumtazama, "sikuwa na haki nalo."

"Lilikuwa kweli."

"Hata kama."

Pale jikoni Kurwa aliingia na kuni. Siku hizo alikuwa akiishi na mama yake na kulima shamba la kwake. Mwanakombo hakumtambua. Alimsalimia kwa Kimakonde chake kibovu cha sokoni, "Habari za kwenu, mama?" kama anavyosalimiwa mwenyeji yeyote. Kurwa akaitikia kwa Kimakonde, akaweka kuni, akatoka. Stamili aliona jinsi alivyosimama kidogo nje ya mlango kabla ya kwenda zake.

Mwanakombo na Shamte walikaa Mkunya mpaka mavuno. Haikuwa rahisi siku zote. Chakula kilikuwa haba, na Shamte, aliyezoea kuamrisha wapagazi, alikuwa na maoni juu ya kila kitu, hata namna ya kumenya muhogo. Lakini walilima pamoja, na mguu ukapona kiasi chake.

Kiangazi kilipoingia, wakasema ni wakati wa kurudi Masasi wakajenge. Siku zile zile mwanamke mmoja alikuja kwa Stamili na binti yake, aanzwe uso. Stamili aliwakaribisha, akawapa kiti. Akawaambia waje mwezi wa tatu kuanzia ule, kwamba kwa sasa haanzi uso wa mtu, ana safari.

"Safari ya wapi?" mama yule aliuliza kwa mshangao, maana hakuna aliyewahi kusikia neno lile kinywani mwa Stamili.

"Masasi. Naenda kukandika nyumba."

Waliteremka wanne, Dadi akiwa amebeba mbegu. Mahali pa nyumba palikuwa pameota magugu hadi kiunoni, na mawe ya mafiga yalikuwa pale pale, meusi. Wanaume walikata miti na fito, wanawake walikanyaga udongo. Walifanya hivyo karibu mwezi mzima, wakilala chini ya banda la nyasi, wakila uji wa mtama na mboga za porini, Bartholomayo na Lois wakija kusaidia upande huu na wao wakienda kusaidia upande ule.

Siku ya kukandika ukuta wa mbele, Shamte alisimama na fimbo yake akasema mlango umekaa upande. Mwanakombo, matope mpaka viwikoni, alimwambia kama umekaa upande aingie upande. Stamili alikuwa akilainisha udongo kuzunguka mwimo wa mlango kwa vidole vyake, pole pole, kwa namna anayoijua, na hakugeuka.

"Mwambie asiuguse," alisema. "Sijamaliza."